MLANGO UMEKATAA KUFUNGUKA
Kikundi kifanye nini akaunti yake ikigoma



Zamani mali ya kikundi ilikuwa inaonekana. Kulikuwa na daftari la mahudhurio, daftari la pesa, muhuri, cheti cha usajili ndani ya bahasha ya kaki, na sanduku la chuma. Mkutano ukifika, mambo yote yako mezani. Siku hizi sehemu kubwa ya mali hiyo imehamia pahali pasipoonekana. Mikutano inaitwa kwa WhatsApp. Michango inapita kwa M-Pesa. Barua kutoka kwa kaunti na wafadhili zinaingia kwa Gmail. PIN ya KRA ya kikundi iko kwa iTax. Huduma nyingi za Serikali, na malipo yake, ziko kwa eCitizen.

Hayo ni maendeleo, nasi tunashukuru. Nauli ya kutoka Londiani hadi Kericho mjini au kutoka Longisa hadi Bomet imeokolewa mara nyingi. Lakini kuna siku mlango unakataa. Katibu anaweka neno la siri na simu inamwambia si sahihi. Mwekahazina anangoja namba ya kuthibitisha na haiji. Na siku hiyo huwa ni siku ya mwisho ya kuomba mkopo, au wiki ya kupeleka taarifa ya mwaka!

Ubaya wake si karatasi kuchelewa tu. Wanachama wasipoelewa kilichotokea wanaanza kunong'ona. “Mbona hawezi kufungua? Ameficha nini?” Kikundi kilichojengwa kwa miaka kumi kinaweza kuvunjika kwa sababu ya kitu kidogo kama laini ya simu iliyozimwa. Kwa hivyo katika toleo hili tueleze vizuri milango hii inafanya kazi namna gani, kwa nini inakataa, na kikundi kifanye nini.

Tutatumia ile njia tunayoijua katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo: kuona, kupima, kutenda. Njia hiyo tuliachiwa na Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha Vijana Wafanyakazi Wakristo mwaka 1925. Inafaa kwa mambo ya roho, na inafaa kwa simu pia, kwa sababu wengi wetu tunaanza na kutenda kabla hatujaona wala kupima.

KUONA: AKAUNTI NI SANDUKU LENYE KUFULI

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vinajua sanduku lenye kufuli tatu. Mpango huo ulianza mwaka 1991 kule Niger, Afrika Magharibi, kati ya akina mama waliosaidiwa na shirika la CARE, ukaenea hadi kwetu. Funguo tatu zinashikwa na watu watatu, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Hakuna mtu mmoja anayeweza kulifungua peke yake nyumbani.

Akaunti ya intaneti ni sanduku pia. Kwa kawaida ina vitu vinne:

1. Jina la kuingilia. Hili ndilo linaonyesha wewe ni nani. Linaweza kuwa namba ya simu, namba ya kitambulisho, PIN ya KRA au anwani ya barua pepe.

2. Neno la siri, yaani paswedi. Huu ni ufunguo wa kwanza.

3. Namba ya muda. Hii inatumwa kwa simu au barua pepe kila unapoingia, na baada ya dakika chache haifai tena. Huu ni ufunguo wa pili.

4. Njia ya kuokolea. Hii ni simu au barua pepe ambayo itatumiwa maagizo siku ukisahau neno la siri. Huu ndio ufunguo wa akiba, na ndio vikundi vingi vimeusahau kabisa.

Kuna jambo la tano, nalo ni ruhusa. Mtu anaweza kuingia ndani ya nyumba na bado asiruhusiwe kufungua chumba cha ndani. Katika WhatsApp kila mwanachama anasoma, lakini kuondoa watu ni kazi ya msimamizi. Daftari la pesa likiwekwa katika Google, mwenye daftari ndiye anayeamua nani asome tu na nani aandike. Kwa hivyo ukiona “huna ruhusa”, usihangaike na neno la siri. Umeshaingia tayari! Mtafute mwenye chumba akufungulie.

Maneno ya siri yalitoka wapi? Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mtambo mmoja wa kompyuta ambao watu wengi waliweza kuutumia kwa pamoja. Kwa kuwa mashine ni moja na watumiaji ni wengi, kila mmoja alipewa neno lake ili faili zake zisiguswe na mwingine. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, alitaka muda zaidi wa kutumia mashine, akapata njia ya kuchapisha orodha yote ya maneno ya siri kwenye karatasi. Yaani neno la siri lilizaliwa kwa sababu ya kushirikiana, na halikukaa sana kabla ya kuvuja. Sisi tunaoshirikiana katika vikundi tujue hivyo tangu mwanzo.

KUPIMA: NI MLANGO UPI ULIOKATAA?

Mganga hatoi dawa kabla ya kuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Simu ikikataa, wengi wanabonyeza tena na tena kwa hasira, na hapo ndipo akaunti inafungwa kabisa. Acha kwanza. Soma maneno yaliyoandikwa kwenye kioo. Yaandike kwenye karatasi jinsi yalivyo, au mwambie kijana apige picha. Halafu jiulize maswali haya kwa utaratibu.

Swali la 1: Je, intaneti ipo?
Jaribu kufungua kitu kingine. Kama hakuna kinachofunguka, shida ni bando limeisha au mtandao ni hafifu. Tunajua mvua ya mchana ya milima yetu. Stima ikipotea, saa ingine na mtandao unayumba. Neno la siri halina makosa hapo. Ngoja, au panda pahali palipo na mawimbi mazuri.

Swali la 2: Je, ni mimi peke yangu, au ni watu wote?
Pigia mwenzako wa kikundi kingine. Akikwambia hata yeye hawezi, basi shida iko upande wa wenye huduma. Mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen ilisumbua nchi nzima kwa siku kadhaa. Watu waliojiita Anonymous Sudan walisema ni wao walioishambulia. Namna yao ilikuwa kutuma maombi mengi mno kwa wakati mmoja mpaka huduma ikalemewa, sawa na umati kuziba mlango wa ofisi ili wenye haja wasipite. Siku kama hiyo hakuna dawa ila kungoja. Mtu anayebadilisha neno la siri siku hiyo anajiongezea taabu.

Swali la 3: Je, nimeandika sawasawa?
Hapa ndipo wengi wanaanguka. Simu hupenda kuanza na herufi kubwa yenyewe, na kwa neno la siri herufi kubwa na ndogo si sawa. Simu nyingine huongeza nafasi tupu mwishoni mwa neno. Herufi O na sifuri zinafanana. Herufi l na moja zinafanana pia. Kando ya sehemu ya kuandikia kuna alama ya jicho. Ibonyeze ili uone unachoandika, lakini angalia kwanza ni nani amesimama nyuma yako. Kwa iTax kuna hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa ambayo lazima uijibu. Neno la siri likiwa sawa na hesabu ikiwa na makosa, mlango bado unakataa.

Swali la 4: Je, saa na tarehe ya simu ni sahihi?
Watu hucheka swali hili. Lakini simu iliyozimika betri mpaka ikasahau tarehe inaweza kukataa kufungua kurasa salama. Sababu ni kwamba kila ukurasa salama una kibali chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Simu ikidhani tuko mwaka 2015, inaona kibali hicho hakijaanza. Ingia kwenye mipangilio na uache simu ichukue saa kutoka kwa mtandao.

Swali la 5: Je, namba ya muda inakuja?
Kama haiji, uliza inaenda kwa simu gani. Mara nyingi inafika vizuri kabisa, ila inafika kwa laini ya katibu wa zamani, ambaye sasa ameolewa Nakuru au anafanya kazi Nairobi. Angalia pia kama laini imo ndani ya simu, kama simu ina mawimbi, na kama sehemu ya meseji haijajaa. Ukiomba namba mara tatu, tumia ile ya mwisho. Zile za kwanza zimeshakufa.

Swali la 6: Je, simu au programu ni ya zamani mno?
WhatsApp, kwa mfano, iliacha kufanya kazi kwa simu zenye Android 4. Kabla ya kufikiri umefungiwa, jaribu kwa simu ya mwenzako.

Mkifuata maswali haya sita, mtajua kama shida ni mtandao, ni wenye huduma, ni mkono wako, ni simu, au ni akaunti yenyewe. Na mtaweza kuwaambia wanachama ukweli mapema, kabla ya minong'ono.

KUTENDA: MLANGO KWA MLANGO

M-Pesa. Ukikosea namba ya siri mara tatu, inafungwa. Usijaribu kubahatisha. Piga *334# uangalie sehemu ya akaunti yako, au piga 100, au nenda kwa duka la Safaricom na kitambulisho chako cha asili. Kumbukeni kwamba laini ni ya yule aliyeisajili kwa kitambulisho chake. Hata kama simu ilinunuliwa kwa pesa za kikundi, mwenye laini ndiye atakayesikilizwa dukani.

WhatsApp. Ukibadilisha simu, WhatsApp hutuma namba ya tarakimu 6 kwa laini yako. Laini ikiwa imepotea, rudisha laini kwanza, ndipo uirudishe WhatsApp. Wengine wameweka kufuli ya pili, ambayo ni namba nyingine ya tarakimu 6 waliyoichagua wenyewe. Ukiisahau na hukuwa umeweka barua pepe, itakubidi ungoje siku 7. Kwa kundi la kikundi, wekeni wasimamizi watatu. Msimamizi akiwa mmoja na simu yake ianguke mtoni, kundi litaendelea kuongea, lakini hakuna wa kumtoa mwizi.

Barua pepe. Huu ndio mlango mkuu, kwa sababu milango mingine hutuma ufunguo wa akiba hapa. Barua pepe ikipotea, iTax na eCitizen zinaweza kupotea nayo. Ukibonyeza “nimesahau”, Google itatafuta simu au barua pepe ya kuokolea uliyoweka. Jaribu kwa simu uliyozoea kutumia, na pahali ulipozoea, kwa maana Google huangalia hayo pia. Na jueni hili: akaunti ya Google isiyotumiwa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na yaliyomo. Barua pepe ya kikundi ifunguliwe hata kama hakuna barua, kama vile tunavyowasha moto kwenye nyumba ya nyanya akisafiri.

iTax. Neno la siri likisahauliwa, jipya linatumwa kwa barua pepe iliyosajiliwa pamoja na PIN. Hapa kuna mtego. Vikundi vingi viliandikishiwa PIN kwa saiba, na kijana wa saiba akaweka barua pepe aliyoitengeneza palepale au ya kwake mwenyewe ili kumaliza haraka. Leo hakuna anayeijua. Tafuteni karatasi ya cheti cha PIN, kwa kuwa barua pepe imeandikwa hapo. Kama haijulikani ni ya nani, viongozi waende ofisi ya KRA au Huduma Centre ya Kericho au Bomet wakiwa na vitambulisho vyao, cheti cha usajili na muhtasari wa mkutano, waombe barua pepe ibadilishwe.

eCitizen. Akaunti hii ni ya mtu na kitambulisho chake. Ukisahau neno la siri, utatumiwa maagizo kwa barua pepe au simu uliyosajili. Kama vyote viwili vimepotea, nenda Huduma Centre mwenyewe, usitume mtu. Na jambo la kuangalia: kazi ya kikundi ikifanywa kupitia akaunti ya kiongozi mmoja, kumbukumbu zake zinabaki kwa huyo kiongozi. Akiondoka madarakani, lazima kuwe na makabidhiano.

WEZI WANAPENDA MTU ALIYEFADHAIKA

Mtu aliyefungiwa nje huwa na haraka, na mwizi anapenda haraka hiyo. Njia zao ni chache, basi tuzijue.

Ya kwanza: “Mama, nimekutumia namba fulani kwa makosa, nirudishie.” Namba hiyo ni ya tarakimu 6, nayo ni ufunguo wa WhatsApp yako. Ukiitoa, mwizi anaingia kwa jina lako na kuanza kuwaomba wanachama pesa za matanga ambayo hayapo. Ikitokea, mara moja sajili WhatsApp upya kwa laini yako. Ukiweka namba mpya iliyokuja kwako, mwizi anatolewa nje. Halafu watangazie wanachama kwa simu ya kawaida.

Ya pili ni kubadilisha laini. Mwizi anajifanya wewe, anapata laini mpya yenye namba yako. Dalili yake ni kwamba simu yako inapoteza mawimbi ghafla hali majirani wote wanayo. Ukiona hivyo usilale. Tumia simu ya jirani kuwapigia Safaricom. Ili kujikinga mapema, piga *100*100#, na tangu hapo laini yako haiwezi kubadilishwa ila kwa ofisi za Safaricom wenyewe.

Ya tatu ni anayejiita mfanyakazi wa Safaricom. Safaricom wamesema wakipiga simu wanatumia 0722 000 000 peke yake. Na hata wao hawaulizi namba yako ya siri. Meseji za ulaghai zipelekeni kwa 333.

Neno kuhusu saiba. Vijana wa saiba wanatusaidia sana, na wengi ni waaminifu. Lakini mashine ya saiba ni ya kila mtu. Ukimaliza, toka kwenye akaunti, si kufunga tu ukurasa. Mashine ikiuliza “nikumbuke neno hili?”, jibu ni hapana. Na uandike neno la siri kwa mkono wako mwenyewe, hata kama vidole vyako vimezoea majani chai kuliko herufi. Hakuna anayekufukuza.

Sheria pia ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 inasema anayeingia kwa akaunti isiyo yake bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa muda usiozidi miaka 3, au yote mawili. Hii inawahusu hata viongozi wa zamani wanaoendelea kujifungulia baada ya uchaguzi.

DAFTARI LA MILANGO

Waswahili walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kikundi kiwe na ukurasa mmoja wa “Daftari la Milango”, wenye safu hizi:

- Mlango ni upi (barua pepe, iTax, WhatsApp na kadhalika)
- Jina la kuingilia
- Laini inayopokea namba ya muda, na imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani
- Barua pepe au simu ya kuokolea
- Wanaoruhusiwa kuingia
- Tarehe ya mwisho mlango kujaribiwa

Angalieni kwamba neno la siri halimo katika safu hizo. Daftari linasomwa na wanachama wote, neno la siri haliwezi kukaa hapo. Maneno ya siri ya akaunti za kikundi (si ya M-Pesa ya mtu, wala ya eCitizen ya mtu) yaandikwe kwa karatasi, yawekwe kwa bahasha, bahasha ifungwe kwa gundi, na viongozi watatu watie sahihi juu ya mfuniko wake. Bahasha ikae ndani ya lile sanduku la kufuli tatu. Ikifunguliwa, ifunguliwe mbele ya mkutano, sababu iandikwe, na neno lingine libuniwe siku hiyo hiyo. Hivyo hakuna atakayefungiwa nje, na hakuna atakayejifungulia kwa siri.

Neno lenyewe liwe refu. Maneno manne ya kawaida yasiyohusiana, yaliyounganishwa, ni magumu kubahatisha kuliko neno fupi lenye alama nyingi, na ni rahisi kukumbuka. Msitumie jina la kikundi, mwaka wa kuanzishwa, jina la parokia wala namba ya simu ya mwenyekiti. Hivyo ndivyo vitu vya kwanza mwizi atajaribu. Na kila mlango uwe na neno lake. Ufunguo mmoja kwa milango yote ukiibiwa, nyumba nzima imeibiwa.

Barua pepe iwe na jina la kikundi, si la katibu. Laini ya simu ya kikundi isajiliwe kwa mtu aliyechaguliwa na mkutano, na jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari. Laini isiachwe droo miezi na miezi. Isipotumiwa kwa muda mrefu kampuni inaweza kuichukua na kumpa mtu mwingine, na huyo ndiye atakayepokea namba zenu!

Mwisho, liwekeni jambo hili katika katiba ya kikundi. Kwa vile mnasajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, katiba mnayo tayari. Ongezeni kifungu kimoja: kwamba siku ya uchaguzi makabidhiano hayajaisha mpaka viongozi wapya wameingia kila mlango kwa mikono yao, wamebadilisha maneno ya siri na njia za kuokolea, na wa zamani wametoka.

KAMA SHIDA NI MTU, SI SIMU

Saa ingine mlango haukukataa wenyewe. Tuseme katibu alishindwa katika uchaguzi, akaondoka na hasira, na laini anayo yeye. Msiende kwake na kelele. Tumeni watu wawili anaowaheshimu, pamoja na barua ya kikundi inayoorodhesha milango yote. Mara nyingi mtu anachotaka ni kushukuriwa kwa kazi aliyofanya bila malipo miaka mingi. Mpeni shukrani hiyo mbele ya mkutano, kisha aketi na katibu mpya kwa saa moja. Akikataa kabisa, pelekeni jambo kwa Afisa wa Maendeleo ya Jamii wa kaunti ndogo, kwa sababu ofisi hiyo ndiyo inayoshughulikia vikundi, na muwe na muhtasari wa uchaguzi mkononi.

Na kama katibu amefariki? Ngojeni mazishi yapite. Msiombe simu kwa mjane siku ya matanga. Baadaye, viongozi waende kwa familia kwa heshima, waombe kutumia laini kupokea namba za muda ili kubadilisha barua pepe na simu ya kuokolea, kisha wairudishe. Familia isizime laini mpaka kazi hiyo imekwisha. Ndiyo maana tunasema watu wawili au watatu washike milango. Sisi sote ni wapita njia, lakini kikundi kinabaki.

Kazi hii yote ni ya mkutano mmoja. Msingoje bonasi ya Oktoba, wakati pesa zinaingia na wezi wanaamka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kikundi chetu kina milango mingapi? Ni nani anajua yote?
2. Kama katibu angesafiri leo kwa mwaka mzima, ni mlango gani ungetushinda kufungua?
3. Barua pepe iliyo kwenye cheti chetu cha PIN ya KRA ni ya nani?
4. Je, tuliwahi kumshuku mtu ambaye kumbe simu ndiyo ilikuwa imekataa? Tulimwomba msamaha?
5. Ni mwanachama gani kijana anaweza kuwafundisha wazee, na ni mzee gani anaweza kumfundisha kijana kutunza siri?
6. Tutaanza Daftari la Milango tarehe gani? Nani ataleta bahasha na gundi?